Mita Kumi Kasoro

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya kumi na mbili tangu kiharusi. Mguu wa kushoto bado unaburuzika kama gunia. Mkono wa kushoto umekunja ngumi na hausikii la mtu. Ulimi umerudi mzima, jambo ambalo mke wangu anasema majirani wamelipokea kwa masikitiko. Kichwa nacho kizima. Kizima kabisa! Ndicho nitakachokitumia.

Leo kwenye chumba cha mazoezi Mwalimu Mkuu ametembea kutoka mstari hadi mstari kwa sekunde ishirini na tatu. Mimi ishirini na nne. Yeye ni mwalimu mkuu mstaafu. Kiharusi kilimpata wiki moja baada yangu. Baada yangu! Kwa utaratibu wowote wa haki, mimi ndiye wa mbele. Akanipa pole. Pole yenyewe ya kumpa mtoto aliyeshika mkia darasani.

Binti Simama ametangaza mtihani Ijumaa. Ndiye mtaalamu wetu wa viungo, na kwa kuwa neno lake la kwanza kila asubuhi ni "simama", jina limemganda. Atakayetembea mita kumi chini ya sekunde ishirini na mbili ataachana na fremu ya kutembelea na kupewa fimbo.

Fremu yangu ni ya chuma, miguu minne. Naiita Farasi. Namchukia Farasi. Hapiti mlango wa choo cha kwetu, kwa hiyo kila safari mke wangu hunibeba nusu, nusu najibeba mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Nimesikia nisichopaswa kusikia. Mke wangu alikuwa jikoni anaongea na dada yake kwa simu. Alidhani nimesinzia. Alisema chuo kimeuliza tena atarudi lini kufundisha ushonaji, naye amejibu hajui. Alisema mgongo unamwuma kutoka kiunoni hadi shingoni kwa kuninyanyua. Halafu akapunguza sauti.

"Usije ukamwambia. Atajisikia vibaya."

Akarudi sebuleni anatabasamu, akaniuliza kama nataka chai. Nikasema sitaki. Nilitaka sana.

Fimbo inapita mlango wa choo. Nikiipata fimbo, mke wangu anarudi kazini. Sasa, mguu hauwezi kuharakishwa kwa siku tatu. Saa ya sekunde anaishika Binti Simama mwenyewe. Kilichobaki ni mita.

Jumatano, 6 Machi

Miaka thelathini na minne nimepima viwanja vya watu. Jicho langu halihitaji kamba. Mistari ya Binti Simama ni vipande viwili vya utepe wa gundi, rangi ya manjano, vimebandikwa sakafuni. Nimeviangalia dakika moja tu. Si mita kumi! Ni mita kumi na sentimita kumi na mbili. Yaani tangu mwanzo nimekuwa nikidhulumiwa sentimita kumi na mbili kila zamu!

Nitarekebisha. Nikijumlisha na fidia ya usumbufu, naona mita moja na robo ni haki yangu. Sakafu ni saruji tupu, haina vigae vya kumsaidia mtu kuhesabu. Vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Tumefika mapema. Nikamtuma mke wangu akaniandikishe dirishani, kwenye foleni. Chumba kitupu. Nikamwegesha Farasi ukutani, nikaanza kushuka.

Sijakaa sakafuni tangu niugue. Goti la kulia, kiganja cha kulia, kisha mwili mzima, pu! Hiyo sehemu ya mwisho haikuwa kwenye mpango.

Utepe ulikuwa umeganda kama kupe. Nikaukwangua kwa ukucha. Ukiinua ncha hii, ile inaganda tena. Ilihitaji mikono miwili. Nikaipachika ncha moja kati ya kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kushoto, nikaukaripia: shika! Ukashika. Sikuwa na nafasi ya kushangaa. Nikajiburuza kwa makalio mita moja na robo, nikabandika, nikaupigapiga hadi ukalala.

Kushuka kumekwisha, kubandika kumekwisha. Kunyanyuka sasa. Hakuna!

Binti Simama akanikuta chali kama mende. Akauliza, kwa hofu, kama nimeanguka. Nikasema la hasha, najifunza kunyanyuka kutoka chini, kwa hiari yangu. Machozi yakamlengalenga. Alisema tangu aanze kazi hii hajapata kuona mgonjwa mwenye moyo kama wangu. Akanifundisha kunyanyuka palepale, mara sita. Zoezi ameliongeza kwenye orodha yangu ya nyumbani. Mara sita, kila siku!

Ijumaa, 8 Machi

Sekunde ishirini na moja! Mke wangu alipiga makofi hadi mkoba ukamdondoka.

Mwalimu Mkuu: ishirini.

Hilo sikulipigia hesabu. Utepe hauchagui mtu. Wengine wawili nao wakapita. Binti Simama aliandika majibu kwa furaha, akasema mazoezi mapya yanafanya kazi, atamwandikia mkubwa wake. Tukagawiwa fimbo wote wanne. Mwalimu Mkuu akanishika mkono.

"Bwana mpimaji, tumefaulu."

Tumefaulu! Kana kwamba tulikaa dawati moja.

Lakini nyumbani nimepita mlango wa choo peke yangu. Mke wangu alisimama nje, kisha nikasikia hatua zake zinaondoka, na sauti yake ikizungumza na watu wa chuoni. Jumatatu anaanza. Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko haja yenyewe. Machozi yalinitoka. Daktari anasema kiharusi hulegeza machozi. Nakubaliana na daktari.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi na futikamba yake shingoni, anaimba. Shemeji, dada yake, ndiye aliyenisindikiza mazoezini.

Mwalimu Mkuu hakuja. Nikafurahi. Mtoro! Nikamwuliza Binti Simama kwa sauti, ili wote wasikie, kama walimu wakuu nao huchapwa kwa utoro. Hakucheka.

Alisema Mwalimu Mkuu ameanguka jana bafuni kwake. Fimbo iliteleza, mguu haukuwahi. Alijikinga kwa mkono wa kulia, ule mzima. Umevunjika kwenye kiwiko.

Sina la kuandika zaidi leo.

Jumanne, 12 Machi

Wodi ya Mwalimu Mkuu iko jengo lilelile la mazoezi. Nimemkuta analishwa supu na binti yake kwa kijiko. Mkono mmoja umefungwa plasta, mwingine ndio ule uliopooza. Aliponiona aligeuza uso, akamwambia binti yake aache kwanza.

Yeye ndiye aliyeanza kuongea. Alisema kosa ni lake. Mtaalamu alimpima akamwona yuko tayari, lakini yeye alikuwa na haraka ya kujisafisha mwenyewe bila kumwita mtoto. Alisema hivyo akitazama shuka.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani kote. Yakakwama. Nikamwambia wodi yake ina mapazia mazuri.

Mapazia mazuri! Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia mke wangu habari ya utepe. Alikuwa anapiga pasi. Akaisimamisha pasi, akakaa. Nilitegemea kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: nani mwingine amepewa fimbo. Nikasema wawili.

"Kesho asubuhi unamwambia yule binti wa mazoezi. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nikamwuliza, na kazi yake je? Nilifanya yote hayo kwa ajili yake. Akasema hakumwomba mtu amvunje mwenzake mkono ili yeye akafundishe watu kupinda nguo.

Akamalizia shati. Lilikuwa langu.

Alhamisi, 14 Machi

Binti Simama alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akachukua utepe wa kupimia, akapiga magoti, akapima. Mita nane na sentimita themanini na saba. Mimi nilikadiria vilevile, sentimita kwa sentimita. Kwa mara ya kwanza maishani sikujisifu.

Alibaki amekaa sakafuni. Alisema alidhani hatimaye amegundua namna ya kutusaidia. Barua kwa mkubwa wake ameshaipeleka. Hakulia. Afadhali angelia. Akainuka, akawapigia simu wale wawili warudi siku hiyohiyo. Mmoja, kasema mkewe, alikuwa amekwenda kujaribu ngazi. Tulikaa tukimsubiri, mimi na Binti Simama. Alipoingia mlangoni mzima, ndipo nilipomshukuru Mungu.

Akanipima upya kwenye mita kumi za kweli. Sekunde ishirini na tatu. Amenirudishia Farasi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwambia Mwalimu Mkuu. Yote: utepe, mita moja na robo, mapazia. Binti yake alisimama na bakuli la supu mkononi, na nilijua linaweza kunijia usoni. Alikuwa na haki. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wametega masikio.

"Ulishukaje sakafuni?"

Ndilo swali la kwanza la Mwalimu Mkuu. Nikamweleza. Akauliza niliubanduaje utepe kwa mkono mmoja. Nikasema kwa mikono miwili. Akasema nimwonyeshe huo wa pili.

Nikauweka kitandani. Akaukagua kama daftari la mtoto mchafu. Kisha akamwambia binti yake anipe kijiko. Mkono wa kushoto. Akaamuru: nitakuja kila siku mchana, nitamlisha hadi plasta itoke, na mtu asinisaidie.

Kijiko cha kwanza kiliishia shingoni. Cha pili kwenye shuka. Mkono ulitetemeka hadi bega likauma. Cha tatu nusu yake iliingia. Supu ilipoa, ikamalizika baada ya saa nzima, nyingi ikiwa juu ya kifua chake. Hakucheka, hakulalamika. Kila mara alifungua mdomo akangoja. Hakuna mtu aliyewahi kuningoja hivyo.

Binti yake alipomfuta kidevu, Mwalimu Mkuu akasema hajanisamehe. Kesho niwahi, kwa sababu supu ikipoa haina ladha.

Jumatatu, 18 Machi

Mke wangu alitaka kuacha kazi tena. Shemeji akakataa, akasema atakuja asubuhi. Halafu shemeji huyohuyo akauliza kwa nini tusimwite seremala apanue mlango wa choo.

Seremala amemaliza kabla ya saa sita. Farasi anapita na nafasi inabaki. Mtu amepima ardhi miaka thelathini na minne, na hakufikiria kupima mlango wa choo chake. Mke wangu alikuwa anapitapita pale mlangoni, anaingia, anatoka.

Alhamisi, 21 Machi

Vijiko kumi: saba ndani, vitatu nje. Mwalimu Mkuu ananipa alama kwa sauti. Leo sita juu ya kumi. Nikalalamika kwamba saba ni saba. Akasema amepunguza moja kwa majivuno.

Katikati ya supu aliniambia kitu. Usiku ule kabla hajaanguka aliota anafuta ubao kwa mkono wake mwenyewe. Akafungua mdomo, nikaleta kijiko.

Jumatatu, 25 Machi

Binti Simama amechora mistari mipya kwa rangi ya mafuta, akaipaka mara tatu. Amepima mara mbili mbele yetu wote. Ananijibu salamu sasa. Fupi, lakini ananijibu. Nina heshima kubwa kwa mistari hiyo na sitaigusa maishani mwangu. Nimemwambia mke wangu hivyo, nikainua na mkono wa kushoto kuapa. Uliinuka hadi usawa wa kifua.

Ila leo, nikiwa nasubiri zamu yangu, mfagizi alikuwa anadeki korido. Ndoo ikampinduka. Maji hayakutawanyika ovyo. Yalikwenda upande mmoja, yote, kwa mwendo mzuri kabisa. Jicho langu likaamka. Mteremko! Kwa makadirio, sentimita mbili kila mita. Mtu mwenye mguu mzito akitembea upande huo, sakafu yenyewe inamsindikiza. Na hapo hakuna utepe uliohamishwa, hakuna uongo, mita kumi ni kumi kamili!

Kesho nitamshauri Binti Simama, kitaalamu, kwamba chumba cha mazoezi kina msongamano na mtihani ungefanyika vizuri zaidi koridoni. Nimeshapanga hata maneno.

Mchana nikamweleza Mwalimu Mkuu, kati ya kijiko cha nne na cha tano. Alimeza polepole. Akanitazama kwa yale macho yake, yale ya kumfanya mtu akague kucha zake. Nikajua nimekwisha, nitasomewa somo zima mbele ya wodi.

Akageuka kuhakikisha binti yake yuko mbali.

"Maji," akasema, "yalikuwa yanaelekea upande gani?"