Koki Niliyoiacha Wazi Wakati wa Maombi

Marafiki, aibu niliyoipata leo hapa Kilungu ni kubwa kuliko mimi. Wacha niwagawie.

Usiku kucha nilijiuliza: je, jiko likikataa kuwaka? Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Niwashawishi akina mama wa kikundi cha kanisa wajenge mitambo ya biogesi, ili samadi ya ng'ombe itoe gesi ya kupikia, isirundikwe tu nje ikitoa gesi inayozidisha joto duniani. Wakikataa, mradi unahamia kwingine, nami narudi kukaa kwa mama.

Mtambo wa majaribio uko kwa Mama Mwende. Tukajazana jikoni kwake. Nikateleka sufuria ya chai, nikafungua koki ya gesi, nikashika kiberiti.

"Ngoja kwanza," akasema mke wa mchungaji. "Kitu kipya hakianzi bila maombi."

Macho yakafumbwa. Koki ikabaki wazi.

(Inyooshee mkono uifunge! Lakini wakinisikia nikigusagusa vitu wakati wa maombi? Mimi mgeni! Si atamaliza sasa hivi?)

Hakumaliza. Aliombea mvua. Aliombea mbaazi. Aliombea watoto wote walio Nairobi, mmoja mmoja kwa jina. Harufu ikaanza. Mayai viza! Mama mmoja akakohoa. Mwingine akasogea mbali nami. Nikafumbua jicho moja: leso zote puani, macho yote kwangu.

"Na huyu kijana wetu, Bwana," mke wa mchungaji akaendelea kwa upole, "mguse tumbo."

"Amina!" Kikundi kizima!

"Si mimi!" nikapiga kelele. "Ni ng'ombe!"

"Ng'ombe yuko zizini, mwanangu," akasema Mama Mwende, akinitoa kiberiti mkononi. "Usione haya. Wacha niwashe kimoja, harufu iishe."

Kuwasha?!

Nikampokonya. Nikafunga koki. Nikawasukuma wote nje kama mbuzi, mke wa mchungaji akiwa wa kwanza. Huko nje nikaeleza yote: gesi niliyokuja kuizuia ndiyo niliyoiachilia mwenyewe, na nusura ituunguze.

"Woi! Na ukanyamaza kwa sababu naomba?"

"Ndiyo, mama."

Jikoni kulipoingia hewa safi tukarudi. Jiko likawaka, chai ikanyweka, kikundi kikakubali kujenga.

"Hiyo ya gesi tumeelewa," mke wa mchungaji akaninong'oneza mlangoni. "Lakini Jumapili upite mbele, tukuombee hilo tumbo vizuri."

Nilifikiria kubisha. Nimemwambia nitapita. Tafadhali, Jumapili msije.