Geti la Kituo cha Kurudisha Ajira

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni shemeji yangu ingawa jambo hilo halikuingizwa kwenye ajenda. Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika, na nakiona pale mbele kimefunikwa kitambaa vizuri. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na makaimu wa wakuu wa vitengo, ambao baadhi yao wamekaimu mpaka wakastaafu wakiwa bado wanakaimu. Washirika wetu wa maendeleo. Ndugu zetu wa vyombo vya habari, hasa yule mwenye kamera, ambaye namwomba asogee kushoto kidogo ili turubai lililofungwa kando ya geti lisionekane. Mafundi, madereva, wapishi, washonaji na wachapaji mliopumzishwa kazi. Mabibi na mabwana. Na kila mwenye cheo ambaye sikumtaja, ajihesabu ametajwa kwa ngazi anayoona inamstahili. (Makofi kutoka safu ya mbele, yenye viti.)

Nasimama mbele yenu asubuhi hii nikiwa na furaha kubwa, na wala si furaha ya kuokota barabarani, bali furaha iliyojadiliwa, ikapitishwa na kikao halali chenye akidi, kwamba Mkurugenzi afurahi kwa niaba ya Idara nzima. Mnisamehe nikitabasamu kupita kiasi. Natekeleza maazimio.

Ndugu wananchi, huko mitaani yanasemwa mengi. Inasemwa kwamba uchumi umedorora. Mimi, kama Mkurugenzi wenu wa Idara ya Ufufuaji wa Shughuli na Ustawi wa Matumaini, nataka nilikatae neno hilo hadharani na mbele ya kamera, kwa sababu wataalamu wangu walifanya upembuzi yakinifu wa kina, wakajifungia kwenye semina elekezi katika hoteli tulivu nje ya mji, tulivu kwa maana walikuwa wageni peke yao, wakachambua viashiria vyote vya jumla na vya rejareja, wakarudi na hitimisho la kitaalamu kwamba uchumi haujadorora hata kidogo, ila umechuchumaa ili uruke vizuri. (Fundi mwashi, kutoka nyuma: "Umechuchumaa juu ya nani?" Kicheko.) Nawaomba walio nyuma wasikilize. Muda wa maswali upo, na utatangazwa.

Chukueni sekta ya ujenzi. Yapo majengo hapa mjini yamefika ghorofa ya tatu yakasimama, nondo zimechomoza juu, popo wamehamia, na watu wasio na elimu ya mipango wanayaita magofu. Hayo si magofu. Kwa lugha ya kitaalamu hayo ni majengo yenye nafasi ya kukua. (Fundi mwashi: "Mheshimiwa, lile la kona nililijenga mimi. Siku waliyotusimamisha walifunga mlango na mwiko wangu umo ndani, na mlinzi hanifungulii mpaka leo.") Basi mwiko wako uko kazini, fundi. Ushukuru. Kwenu kuna mmoja ambaye hakuachishwa. (Kicheko. Fundi mwashi hacheki.)

Njooni kwenye hoteli. Wengine wakiona vyumba vitupu wanaona kasoro. Idara yangu inaona usafi, shuka zisizochafuka, sabuni isiyoisha, na mapokezi ambayo hayana foleni. Njooni kwenye kiwanda cha nguo, ambacho kilikuwa kinaunguruma mpaka majirani wakatuletea malalamiko ofisini kila wiki: leo malalamiko ya kelele za kiwanda yamepungua kwa asilimia mia moja. Ni idara ngapi duniani zinazoweza kusimama mbele za watu zikatamka asilimia mia moja bila kikohozi? Njooni kwenye uchapaji. Ni kweli kwamba kadi za harusi zimeadimika na kalenda hazichapwi, lakini mabango ya "Nafasi za Kazi Hakuna" yaliagizwa kwa wingi ambao haujawahi kushuhudiwa, mpaka kile kiwanda cha uchapaji chenyewe kikachapa la mwisho, kikalitundika kwenye mlango wake. Huo ndio tunaouita uzalishaji wa ndani kwa soko la ndani. (Mchapaji: "Nililitundika mwenyewe." Watu wanamwangalia, wengine wanainamisha vichwa.) Kofi moja kwa mchapaji wetu. Mzalendo huyo.

Sasa, serikali yenye masikio haiwezi kukaa kimya watu wake wakikaa barazani. Ndiyo maana mimi binafsi, nikiwa kitandani nageuka huku na huku mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto, nikabuni Kituo cha Kurudisha Ajira, ambacho leo tumekuja kukifungua, chenye karakana ya washonaji iliyo na madirisha mapana, jiko la wapishi lenye bomba la moshi, yadi ya waashi na maseremala, chumba cha wachapaji, maegesho ya malori, na ofisi ya Mkurugenzi yenye choo chake. (Makofi marefu. Watu walioshika vifaa vyao wanasogea karibu na geti. Mlinzi anawarudisha.)

Msisukumane. Kabla ya kuingia nieleze utaratibu wetu wa kazi, kwa sababu nimeona wengine wanachungulia pembeni. Idara nyingine zinaanza mradi na msingi. Sisi tunaanza na geti. Tumefanya hivyo tangu enzi za mtangulizi wangu na hatujajuta, kwa sababu msingi umezikwa ardhini na haupigiki picha, wakati geti linapigika. Mgeni rasmi anafika getini kwanza, utepe unafungwa getini, na mara nyingi, kwa ratiba zao zilivyo, wageni rasmi huishia getini. Wakati wa neema tulikuwa tunajenga geti, ukuta na kibanda cha mlinzi. Kwa hali ya sasa tumebana matumizi, tumeondoa ukuta na kibanda. Hatua hii inaitwa nidhamu ya bajeti. Kwa hiyo kwa upande wa mbele, ninyi mkiwa mmesimama hapo mlipo, mradi umekamilika kikamilifu. (Mbuzi anatokea chini ya turubai, upande wa nyuma ya geti, anatafuna kitu.) Mbuzi huyo msimjali. Yuko kwenye programu ya mifugo.

Na tulitangaza kwa gari la matangazo, mtaa kwa mtaa, kwamba kila anayetaka nafasi aje leo na vifaa vyake, na asiwe na kibarua kingine popote, kwa sababu hatutaki mtu mmoja ale huku na huku wakati mwenzake analala njaa. Naona mmeitikia. Naona sufuria, naona misumeno, naona hata... mama, hicho ulichokalia ni nini? (Mama mmoja, mshonaji wa kiwanda cha nguo kilichofungwa: "Ni cherehani yangu, mheshimiwa. Kilipofungwa kiwanda nilipata kiti kwenye baraza la duka la vitambaa, napunguza suruali, nabadilisha zipu. Hakikuwa kitu kikubwa, lakini watoto walikula, na dawa za mama mkwe zilipatikana. Mlipotangaza mtu asiwe na kibarua kingine, nikakiachia leo alfajiri. Kabla hakijapoa, mpishi mmoja aliyeachishwa hotelini alishaweka meza yake ya kupigia pasi, na mwenye duka amemkubali. Siwezi kumwondoa, naye ana wake nyumbani. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Naingilia wapi?" Hata safu ya mbele inageuka kumwangalia.)

Swali zuri sana. Nimelipokea. Mama, nimeguswa. Katibu, andika kwamba Mkurugenzi ameguswa. (Katibu anaandika.) Lakini nisingependa tulijibu kienyeji, maana suala la kuingia lina sura nyingi: kuna kuingia kimwili, kuna kuingia kisera, na kuna kuingia kwenye mfumo wa kidijitali, na wataalamu wanatushauri tuanze na la mwisho, lisilohitaji mlango. Nitaunda kamati ndogo ya kuingia. (Mshonaji: "Cherehani nayo niiingize kidijitali?" Kicheko kikubwa. Dereva wa lori: "Mheshimiwa, mjibu dada yetu. Kaacha riziki yake kwa maneno yenu.") Dereva, hapa hatupo kijiweni. Na wewe mzee uliyevaa fulana, unayenipungia mkono tangu nianze, nawe una swali? (Mzee: "Sina swali. Nasubiri umalize tu.") Huyo ndiye mdau wa mfano. Igeni uvumilivu wake.

Nisiwachoshe. Mimi si mtu wa kujisifu, na wanaonijua wanasema unyenyekevu wangu hauna mfano katika utumishi mzima wa umma. Lakini historia itaandika kwamba wakati makampuni yanapunguza watu, Idara yangu haikupunguza hata kikao. Wakati miradi ya wengine inasimama katikati, yetu haijawahi kusimama katikati, kwa kuwa haijawahi kufika huko. Naibu wangu alipendekeza tuahirishe ufunguzi mpaka hali itengemae, nikamwambia, kijana, ukingoja hali itengemae utafungua nini?

Sasa tuchangamke kidogo. Nikisema "Ajira", ninyi mnaitikia "Inakuja". Ajira. (Safu ya mbele: "Inakuja.") Sijasikia walio nyuma. Ajira. (Dereva wa lori: "Imefika wapi?") Tuijaribu nyingine. Nikisema "Geti", mnaitikia "Limefunguka". Geti. (Mwenyekiti, ambaye ni shemeji: "Limefunguka." Mlinzi, akidhani ameamrishwa, anafungua geti. Nyuma yake ni uwanja wa nyasi, kamba ya kuanikia nguo, na mbuzi wa pili.)

Funga hilo, bwana. Asante. Naam. Kwa kuwa sasa mmejionea, niingie moja kwa moja kwenye shukrani. Namshukuru mwenye uwanja huu, popote alipo, ambaye hatukumwomba lakini tunaamini asingekataa. Nawashukuru wenye turubai, ambalo linatakiwa kwenye msiba mchana huu. Namshukuru kwa namna ya pekee jirani yetu huyu mwenye fulana, aliyetuazima geti la nyumba yake tangu jana jioni na kukesha akilinda uwazi uliobaki, na ninamhakikishia kwamba atarudishiwa likiwa na rangi mpya. (Mzee mwenye fulana anatoa spana mfukoni, anaanza kulegeza bawaba.) Nawashukuru wakubwa walio juu yangu kwa kuipokea ripoti ya ukamilishaji wa mradi mwezi uliopita, wakaisoma, wakaisifu, na kutaka tu iambatanishwe picha ya wafanyakazi wakiwa na vifaa vyao mbele ya geti. Picha hiyo imepatikana, nanyi mmetoka vizuri.

Na wewe, mama mshonaji, nimekuweka mwisho kwa heshima. Ripoti ile ilikuwa na dosari moja iliyonikosesha raha: ilikuwa ripoti ya ajira isiyo na ajira. Lakini ulipotusimulia habari zako, nilimnong'oneza katibu, naye ameshapiga simu. Mpishi yule jana hakuwa na kazi. Leo anayo, na ameipata kwa sababu ya tangazo la mradi huu peke yake. Kwa hiyo kile kiti chako cha barazani kimeingia rasmi kwenye takwimu za taifa: ajira mpya, moja, ya kudumu. Tumpigie makofi mama yetu. (Hakuna anayepiga. Mshonaji anasimama, fundi mwashi anamsaidia kujitwika cherehani kichwani. "Basi ifute hiyo moja, mheshimiwa," anasema, "nikakae kwenye kiti changu.")

Haiwezekani, mama. Imeshapelekwa juu. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na mpishe njia, geti linapita.