Kopo la Biskuti na Hatua ya Kwanza

Jumatatu, tarehe 3

Mjukuu wangu Kibonge ameanza kusimama mwenyewe. Jumamosi anakuja bibi yake wa upande wa mama, fundi cherehani. Ameshatangaza kwenye simu kwamba hatua ya kwanza mtoto atampigia yeye. Mimi nifue nepi mwaka mzima, yeye aje kutembelewa? Thubutu.

Dawa nimeipata. Natikisa kopo la biskuti, nampa kipande. Natikisa, nampa. Jioni akisikia kopo tu, anacheka kabla hajaiona biskuti.

Jumatano, tarehe 5

Akisimama, natikisa. Akikaa, kimya. Tatizo ni mzee wangu, babu yake Kibonge. Nikitikisa, anatokea chumbani kanyoosha mkono. Nikamwambia wewe hatua zako nilishaziona. Akasema basi hata nusu. Nimempa nusu. Sasa haondoki sebuleni.

Alhamisi, tarehe 6

Biskuti zinaisha, mzee hana haya. Leo nimetikisa bila kutoa kitu. Kibonge kafurahi vilevile, miguu inacheza. Mama yake akaniuliza, mama, unafundisha mtoto au unafundisha mbuzi? Nikamjibu kwamba mumewe nilimlea hivihivi, na siku ya harusi hakulalamika.

Jumamosi, tarehe 8

Siku yenyewe. Kwa heshima ya siku nikajaza kopo biskuti mpya mpaka juu, nikazishindilia. Fundi kakaa karibu na mlango. Mimi huku kwenye mkeka. Kibonge kasimama katikati. Natikisa: kimya. Natikisa kwa mikono miwili: kimya. Zimebanana, hata moja haichezi.

Fundi, hana habari, akaona gauni la mtoto limepoteza kifungo. Akatoa kopo lake la vifungo mkobani. Chaka-chaka-chaka.

Kibonge kaniacha na kopo langu mkononi. Hatua tano, mpaka magotini kwa fundi. Wa pili kufika alikuwa mzee wangu, kanyoosha mkono.

Fundi akalia kwa furaha, akasema mtoto kamtambua bibi yake. Mimi nikaenda jikoni. Nikalia kidogo. Nikala biskuti tatu.

Jumapili, tarehe 9

Nimewaza usiku kucha. Kosa ni la kopo. Kopo kila mtu analo.

Sasa Kibonge hajatamka neno bado, na fundi anarudi mwisho wa mwezi. Neno la kwanza litakuwa “bibi”, na bibi huyo ni mimi. Safari hii natumia mfuniko wa sufuria. Fundi hawezi kutembea na sufuria mkobani.

Nimegonga mara moja tu. Mzee keshakaa mezani, kijiko mkononi.