Kofi la Shangazi Pélagie Lirudishwe Mlangoni mwa Kanisa

Montrelle, 29 Juni

Kwa Mheshimiwa Gaspard Loisel,
Meya wa Montrelle, ambaye pia ni shemeji yangu

Mheshimiwa Meya,

Nakusalimu kwa heshima zote za cheo chako, na nakuomba uisome barua hii ukiwa ofisini, umevaa ule mshipi wako wa rangi tatu, wala si jikoni kwa dada yangu Josiane huku unatafuna jibini. Hili ni jambo la serikali. Nitaeleza kila kitu tangu mwanzo kana kwamba hujui lolote, maana naomba barua isomwe mbele ya Baraza, na wajumbe wako wawili walizaliwa Amiens, si hapa.

Mji wetu unajulikana kwa riwaya moja. Clémence, binti wa mwenye kinu, anaahidiwa ndoa na luteni, anaachwa, anakufa kwa kifua huku treni inapiga honi. Iliandikwa hapa hapa, miaka mia na hamsini iliyopita. Nakala yake ya kwanza tumeifungia katika kabati la kioo pale maktaba, na kila Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, misa ikiisha, tunaiigiza mbele ya kanisa. Kitabu hiki ni chetu. Na kwa kuwa ni chetu, nimechoka kuona kila mwenye kamera na kila mwenye jukwaa anakikatakata kama kitambaa cha mapazia. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Filamu ya kwanza, ile isiyo na rangi, ilimpa Clémence mbwa. Mbwa, Mheshimiwa! Mwandishi wetu alikuwa na kurasa mia nne za kumpa mbwa kama angetaka, na hakumpa. Mama yangu alisema watu walitoka sinema wanamlilia mbwa, Clémence mwenyewe hakuna aliyemuulizia. Hadi leo wageni wanakuja kutuuliza mbwa kazikwa wapi, na wewe, mwaka juzi, kwa macho yangu haya, uliwaonyesha mahali.

2. Ukaja mchezo wa kuimba. Mgonjwa wa kifua yuko kitandani, anakata roho, na anaimba dakika kumi na mbili kwa sauti ya kuvunja vioo. Mume wangu Lucien, Mungu amrehemu, alikufa kwa kifua. Wiki yake ya mwisho hakuweza hata kulimaliza jina langu. Aliyetunga wimbo ule hajawahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa, na namwombea asije akakaa.

3. Filamu ya majuzi ndiyo balaa. Humo Clémence hafi kabisa! Anapona, anahamia mjini, anafungua duka la baiskeli. Nilisimama katikati ya sinema nikasema, "Jamani, huyu alikufa!" Mwanamke mmoja nyuma yangu akanijibu, "Bibi, kaa chini, usituharibie mwisho." Mimi, niharibu mwisho!

4. Yote hayo nimeyameza. Lakini mwaka huu, kwa kura saba dhidi ya nne, Baraza lako limemleta mwongozaji kutoka Paris, Bwana Corentin Dulac, ili "auamshe" mchezo wetu. Bwana huyu, mwembamba kama mshumaa wa duka, amemwondoa Shangazi Pélagie.

Kwa ajili ya wale wa Amiens: Shangazi Pélagie ndiye anayemsubiri luteni mlangoni mwa kanisa Jumapili ile baada ya uchumba kuvunjwa, akamnasa kofi moja mbele ya umati. Kila mtoto wa Montrelle anajua liko sura ya kumi na nne. Na kofi letu ni kofi kweli, si la kupiga hewa. Nafasi ya Shangazi imerithiwa: bibi yangu Mathilde, kisha mama, kisha mimi kwa miaka thelathini na moja. Suruali ya luteni hairithiwi. Anaivaa yule aliyemkosea mwenzake mwaka huo. Hakuna anayemtaja, ikifika Julai mwenyewe anajijua, anakwenda kuipima. Akishapigwa, kelele zinapigwa, anakumbatiwa, anapewa kipande cha kwanza cha pai ya vitunguu, na kosa lake halitajwi tena mpaka kaburini. Tuna mwuza nyama aliyepigwa mara mbili. Na wewe, Mheshimiwa, ulipigwa na mama yangu mwaka ule ulipomwacha Josiane stesheni na sanduku lake mvua inamnyeshea. Uliyumba, ukashika nguzo ya kanisa. Mlioana Oktoba. Bila kofi lile leo usingekuwa shemeji yangu, na sijui kama ungekuwa meya.

Sasa, mahali pa kofi, Bwana Dulac ameweka ukimya. Clémence anamtazama luteni, luteni anatazama buti zake, dakika nzima, halafu binti anakwenda zake nyumbani. Basi! Nilimfuata pale ukumbini nikamuuliza Shangazi yuko wapi. Akasema, "Bibi Wattebled, mimi nimefuata kitabu. Shangazi hayumo." Nikamwambia, "Mwanangu, usinifundishe kitabu changu. Mimi nimezaliwa ndani yake." Akataka kuendelea, nikamgeuzia mgongo. Uongo wa mchana kweupe, na ana miwani!

5. Hili la tano nilitaka kuliacha, lakini nimeahidi kueleza yote. Bega langu la kulia limekwisha. Mwaka huu mkono ulikuwa unahamia kwa mjukuu wangu Solène, anayeishi mji wa Lille. Solène hajakanyaga Montrelle tangu tulipomzika babu yake, miaka mitatu sasa. Siku ile, nikiwa na uchungu, nilimwambia mbele za watu kwamba alichagua kazi yake, akamwacha babu afe akimwita. Haikuwa kweli. Alikuwa njiani, treni ilikwama. Tangu hapo simu zetu ni za "hujambo" na "sijambo". Lakini kwa ajili ya kofi alikubali kuja. Alikuwa anafanya mazoezi kwenye mto wa kitanda, na mimi nasikiliza kwenye simu, paa! paa!, namwambia, "Kiganja wazi, mama, usikunje vidole." Juzi nikamweleza habari za Bwana Dulac. Akasema, "Sasa Bibi, kama Shangazi hayupo, nije kufanya nini?"

Kwa hiyo naomba Baraza lipitishe amri. Kwanza, kwamba ndani ya mipaka ya Montrelle ni marufuku kugeuza chochote kilichomo kitabuni, hata mkato. Pili, kwamba Clémence awe amekufa ifikapo saa saba mchana na abaki hivyo. Tatu, kwamba wenye mbwa wafungie mbwa wao siku ya mchezo, wasije wakazua tamaa. Nne, kwamba ateuliwe Mkaguzi wa Kitabu, akae mstari wa mbele na nakala mapajani na filimbi mdomoni, na kila neno lisilo la mwandishi apige filimbi, mchezo usimame, mkosaji ashuke jukwaani. Nafasi hiyo niko tayari kuishika bila malipo. Filimbi ninayo.

Asiyeheshimu kilichoandikwa hana lake hapa. Huo ndio msimamo wangu, na sitaurudisha nyuma hata kidole.

Nisalimie Josiane, mwambie chombo chake cha kuokea kiko kwangu. Nisalimie watoto, karani wako mwenye mafua, Padri, na wajumbe wote, wakiwemo wale wanne waliopiga kura kwa akili timamu.

Wako katika uaminifu kwa kitabu,

Odile Wattebled
Shangazi Pélagie, 1993 hadi leo

Nyongeza: Gaspard, shemeji yangu, nilipitia maktaba kabla ya posta ili nikuandikie namba ya ukurasa wa kofi. Bi Fernande, mtunza maktaba, akanipa nakala ya kusoma. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Shuleni walitusomea kifo tu, si unakumbuka? Sura ya kumi na nne Clémence anamtazama luteni mlangoni mwa kanisa, luteni anatazama buti zake, binti anakwenda nyumbani. Shangazi hayumo. Hayumo kitabu kizima! Nikamuuliza Bi Fernande, akasema, "Nilidhani mnajua." Akanitolea daftari la babu yangu Anselme, mwoka mikate, aliyeandika mchezo wetu. Ukurasa wa kwanza, kwa mkono wake: "Pélagie ni wa Mathilde, maana amesema bila nafasi hapiki pai."

Kumbe katika miaka karibu mia, mtu pekee aliyekisoma ni yule mwembamba wa Paris. Nimemwomba radhi. Chana barua, usiisome mbele ya Baraza, na filimbi naitupa, maana wa kwanza kupigiwa ningekuwa mimi. Clémence apewe mbwa, apewe na duka. Nimemwomba Bwana Dulac kitu kimoja tu: ukimya wake ukiisha, atuachie mlango wa kanisa kwa kofi moja. Amekubali, kijana wa watu.

Suruali ya luteni nimeshaipima, inanitosha kiunoni. Nilimpigia Solène nikamwambia atakayesimama mlangoni kupigwa ni nani, na kwa nini. Kisha akauliza, "Bega lipi bovu, Bibi?" Nikasema la kulia. Akasema basi atapiga shavu la kushoto, akauliza treni ya Jumamosi inafika saa ngapi.