Masaa Sitini na Sita ya Kompyuta ya Mzee Zahor

Jumatatu, 3 Machi 1997

Alhamdulillahi, nimeamka mzima. Kazini ndiyo balaa. Mzee Zahor, mwenye duka letu la kuchapa hapa Mikocheni, katangaza hawezi kuweka wachapaji wawili. Jumamosi asubuhi anabakiza mmoja: mie na kompyuta, au Demetria na taipu yake. Na Jumamosi hiyohiyo jioni watu wanakuja kumposa binti yangu Naima! Wakiuliza baba anafanya kazi gani, nijibu nini?

Tena Mzee kamleta bintiye Wafa, kaingiza programu ndani ya kompyuta. Inakaa pembeni ya kioo, inahesabu masaa tangu mashine iwashwe. Ukizima, inaanza upya. Eti itaonyesha kama nafanya kazi au napiga soga na wateja.

Mie! Niliyewasha mtambo mzima wa saruji kule Wazo kwa kijiko cha chai, mwaka sabini na nne, wazungu watatu wakashika vichwa!

Namshukuru Wafa lakini. Kanipa silaha bila kujua.

Jumanne, 4 Machi

Silaha yenyewe: sizimi. Jana niliwasha saa tisa alasiri, jioni nikafunga duka ikiwaka. Leo saa mbili asubuhi, masaa kumi na saba! Ubaya, kioo kinamulika hadi barabarani. Kwa hiyo nimekuja na kitambaa cha kufuma cha mke wangu Mwamvita, kile cha maua ya waridi kinachokaaga juu ya redio. Nimekiazima bila kumwambia. Kimependeza! Kompyuta sasa ina heshima ya sebuleni.

Demetria kauliza mgonjwa wangu anaumwa nini hadi ajifunike. Nikasema vumbi linakula nyaya. Akasema taipu yake inakula vumbi miaka tisa na haijaharisha. Ulimi gani ule! Kachapa barua kumi na moja leo. Mie moja, na jina la mwenye barua nilikosea.

Jumatano, 5 Machi

Msiba. Mgao! Umeme umekatika saa nne asubuhi. Masaa arobaini na matatu, yote yamekwenda. Nilikaa kama mfiwa. Demetria anachapa tu, taipu haijui mgao. Mchana akanikatia nusu ya chapati yake, akasema, pole Mjomba. Nashukuru sana. Chapati nzuri, ingawa mie niliwahi kumpikia balozi laini zaidi.

Umeme umerudi saa kumi jioni. Nimewasha. Sasa sizimi mpaka kiama.

Ijumaa, 7 Machi

Msikitini nimeomba umeme usikatike. Haukukatika! Saa nane mchana: masaa arobaini na sita. Kitambaa kina joto la kunyooshea kanzu. Waridi mbili zimekuwa rangi ya chai.

Nyumbani Mwamvita anakitafuta, anataka kupamba kwa ajili ya wageni wa kesho. Nikasema labda panya. Akauliza panya gani huyo anabeba kitambaa anaacha mkate. Nikajifanya nimesinzia.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee Zahor kafika saa nne kamili. Kafunua kitambaa. Masaa sitini na sita! Nikasimama kifua mbele.

Mzee akahesabu kwa vidole. Akasema, tangu Jumatano saa kumi haijazimwa hata dakika. Usiku alikuwa anachapa nani? Nikasema mie, bosi, nakesha humuhumu, kulala niliacha nilipokuwa nawinda simba Kilwa.

Mara Mwamvita huyo mlangoni! Jirani kamwambia kaona waridi zake dirishani hapa dukani. Akamwamkia Mzee vizuri tu, akanyakua kitambaa, akaona palipoungua. Akanigeukia.

"Baba Naima, kama wewe unakesha huku, huyo anayekoroma kitandani kwangu kila usiku ni nani?"

Demetria alicheka hadi akagonga herufi tatu kwa pamoja. Mzee hakucheka. Akanyoosha mkono, akasema, nipe funguo.

Nikazitoa. Nikawaza wageni wa jioni, nikaanza kuifuta kompyuta vumbi kwa mkono wa shati.

Demetria akanitazama, akaacha kucheka. Akamwambia Mzee kwamba mlinzi kaenda kwao Lindi tangu Idi, hajarudi. Kompyuta atajifunza yeye Demetria. Mjomba apewe lindo. Mwizi akija atasimuliwa hadithi mpaka adhana ya alfajiri imkute hajagusa kitu.

Mzee akajizuia, akashindwa, akacheka. Akanirudishia ufunguo mmoja, na rungu juu.

Mungu mkubwa! Namshukuru Demetria, namshukuru Wafa, hata Mwamvita namshukuru, kaunguliwa waridi mbili tu na bado kanipakulia pilau. Wageni nimewaambia mie ni mkuu wa usalama wa kampuni. Wametikisa vichwa kwa heshima. Posa imekubaliwa!

Mzee kanipa na daftari. Kila saa ya usiku nitie sahihi, ajue sijalala. Zamu inaanza Jumatatu.

Nimeshatia sahihi zote mpaka mwisho wa Aprili.