Jicho la Dunia, Ukumbi wa Watu Wenye Macho

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetambua kwamba mji huu unanihitaji. Uzunguke wote, hakuna mahali pa kutazama filamu za nje, zile za taratibu, za kufikirisha. Kuna ukumbi wa shemeji tu, kaka wa mke wangu, ambako magari hulipuka kutwa nzima na watu hupiga makofi. Nilimweleza kwa upole kwamba sanaa si mlipuko. Akanijibu nikafute kwanza vumbi kwenye redio za wateja wangu. Wivu huo. Mikono yangu ni ya fundi redio, lakini macho yangu ni ya sanaa.

Nitafungua ukumbi wangu. Jina limekuja lenyewe nikipiga mswaki: Jicho la Dunia.

Jumanne, 4 Juni

Projekta ninayo. Ni ya ofisi ya maji, imeletwa nitengeneze. Nimeitengeneza, inawaka kama jua. Lakini fundi makini harudishi chombo bila kukijaribu. Nitakijaribu Jumamosi, mbele ya watu.

Kuhusu chumba, nilimwomba mke wangu kile anachoshonea nguo za harusi. Alikataa. Ana gauni la kukabidhi Jumapili. Nilibembeleza hadi chai ikapoa. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba nisiguse hata sindano. Nikaapa.

Alhamisi, 6 Juni

Filamu nimeipata kwa muuza diski kuukuu. Hajui ni ya nchi gani, wala haina maandishi ya tafsiri. Nimeitazama yote. Mzee anapanda mlima, anakaa, anazungumza na mwanamke kwa muda mrefu sana. Punda anapita. Sikuambulia neno. Hiyo ndiyo dalili ya filamu bora.

Watazamaji watahitaji mkalimani. Nani mwingine? Lugha ukiisikiliza kwa moyo hujieleza yenyewe. Nimewatangazia wateja wote kwamba lugha hiyo naijua tangu ujana. Shemeji akauliza inaitwaje. Nikamwambia ina majina mengi.

Jumamosi, 8 Juni

Siku kubwa. Niandike ilivyokuwa, wengine wasije wakapotosha.

Ukuta wa chumba ni wa kijani, na watu wote kwenye filamu walionekana wagonjwa. Nikahitaji kitambaa cheupe. Juu ya meza palikuwa na satini nyeupe pee, imejikunja tu, haina kazi. Sikugusa sindano hata moja. Nilitumia misumari.

Chumba kilijaa! Mama mkwe mbele, majirani katikati, wateja waliodhani wameitwa kuchukua redio zao, na shemeji nyuma kabisa, mikono kifuani. Mke wangu alikuwa kwa bibi harusi, amekwenda kuhakikisha vipimo.

Nikasimama kando ya satini nikatafsiri. Nilisema mzee anamposa mwanamke aliyemtelekeza ujanani. Nilisema mwanamke anampenda bado, ila moyo wake umekuwa jiwe. Nilitafsiri hadi kimya chao. Mama mkwe akalia kwa kwikwi.

Ndipo mtu akacheka. Alikuwa mwanamke mgeni, mhandisi wa ofisi ya maji, aliyefika kuulizia projekta yake akakuta watu wamekaa, naye akakaa. Alicheka mpaka akajifuta macho. Mama mkwe akamtaka aseme kinachochekesha. Kumbe filamu ni ya kwao.

"Mniwie radhi," alisema. "Huyu mzee haposi. Anamuuliza dada yake nani ameuza punda wa marehemu baba yao."

Mama mkwe alinigeukia polepole. "Kwa hiyo, mwanangu, mimi nimemlilia punda?"

Kabla sijapata jibu la kisanaa, mlango ukafunguliwa. Mke wangu alisimama pale akitazama, si filamu, bali kitambaa.

"Hilo ni gauni la watu," akasema.

Nilitaka kuzima. Watu wakakataa. Wakamwomba mhandisi aendelee, naye akatafsiri hadi mwisho, jinsi kaka na dada walivyogombania punda yule mpaka wakaacha kusalimiana, na jinsi walivyomkuta sokoni amezeeka, wakamrudisha nyumbani wakimshika kamba wote wawili. Shemeji alimpisha dada yake, yaani mke wangu, kiti. Mama mkwe akalia upya. Nadhani mimi ndiye niliyeyalainisha macho yake.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu ameamka alfajiri kushonea maua madogo juu ya matundu ya misumari. Nimemshikia uzi.

Bibi harusi alipofika alilipenda gauni hadi akaruka. Akauliza wazo la maua lilikuwa la nani. Nilijibu kabla mke wangu hajavuta pumzi. Macho aliyonitupia sitayaandika hapa.

Jumatatu, 10 Juni

Mhandisi amechukua projekta yake, na shemeji amemchukua mhandisi. Kila Jumamosi ukumbini kwake kutakuwa na filamu ya nje, mhandisi akitafsiri. Mtaa mzima unakwenda. Mke wangu na mama yake wameshaahidiwa viti vya mbele. Mimi nimeombwa nisimame mlangoni kukaribisha watu, mradi nisieleze chochote.

Nimekataa. Mwasisi hasimami mlangoni.

Nimekaa nikatafakari, nikaona kosa lilikuwa moja tu. Filamu ilikuwa ya watu wengine. Basi nitatengeneza yangu. Mpiga picha wa harusi ameleta kamera ya video, na haonekani kuwa na haraka nayo. Nitaigiza mzee wa kigeni mimi mwenyewe, nikizungumza lugha ambayo nimeanza kuibuni tangu asubuhi. Nione sasa nani atanisahihisha.