Mistari Iliyoondoka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kujifunza ile lugha ya kuandikia amri ndani ya programu yetu ya kupanga kurasa za vitabu. Saa moja tu, somo la kwanza limekwisha. Rahisi! Miwani, jirani yangu wa meza, ana miaka ishirini anakagua kurasa kwa macho na rula. Maskini. Kiti cha mkuu wa chumba chetu cha kazi kiko wazi, na nitakikalia mimi. Nitaanza na kitabu cha shangazi: barua arobaini alizoandikiwa na marehemu mumewe. Kanikabidhi mimi kwa sababu, alisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Jumatano, 5 Machi
Adui yangu ni ule mstari mfupi wa mwisho unaovukia ukurasa wa pili na kukaa juu peke yake. Aibu kubwa katika kazi yetu. Miwani huubembeleza kila mmoja, abane nafasi hapa, aachie pale, mpaka jua linazama. Mimi nimeandika amri ya mistari sita. Nikabofya. Mistari mifupi yote imetoweka! Miwani akauliza imekwenda wapi. Nikamjibu imeondoka. Akanisihi nisome rasimu kabla ya kuchapa. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Nakala mia moja zimechapwa. Zinapendeza! Rasimu sikusoma. Ya nini, na mashine imeshapita humo?

Jumamosi, 8 Machi
Nimempelekea shangazi. Akafungua moja kwa moja barua ya mwisho, ile ya kutoka hospitali. Akasoma. Akageuza ukurasa. Akarudi nyuma. Akaniuliza taratibu, kwaheri yake iko wapi. Ilikuwa hivi: usifunge komeo, narudi. Mstari mfupi, juu ya ukurasa, peke yake. Amri yangu haikuusogeza. Iliufuta. Barua kumi na moja zimekatwa hivyo hivyo maneno ya mwisho.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alichukua kalamu akauandika mwenyewe, kwa kichwa, bila kutazama popote. Kisha akaniambia, mwanangu, nakala zilizobaki uzijazie wewe maneno yaliyokatwa, kwa mkono.

Jumapili, 9 Machi
Nakala ya saba. Najuta, kwa kweli najuta. Kila nikifika kwenye "narudi" naweka kalamu chini kwanza. Miwani amekuja nyumbani na kalamu yake, bila kuitwa. Ameandika nakala tano, hakunisimanga hata kidogo. Nimemwomba radhi. Nikaona haya hata kumwangalia.

Jumatatu, 10 Machi
Kiganja kimevimba. Nimekaa nikalitafakari kosa langu, na nimeliona: amri ilikuwa fupi mno! Nimeandika nyingine, ya mistari kumi na miwili. Inayakusanya maneno yaliyofutwa na kuyachapa kwenye vikaratasi vya kubandika. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Miwani ameomba avisome kwanza. Nimemwambia asijisumbue, vimeshabandikwa vyote, na vitabu viko njiani kwa shangazi.